Maabara ya Wengi: Vyama vya Wenye Shughuli na Utafiti kwa Viwanda Vidogo

Fundi mwenye karakana ya watu watano, mwokaji mwenye tanuri moja, na mkulima mwenye nusu ekari ya chai wana jambo linalowaunganisha. Kila mmoja wao hufanya kazi inayotawaliwa na kanuni za sayansi, na kila mmoja hukutana karibu kila siku na maswali ambayo sayansi ingeweza kuyajibu: kwa nini udongo wa jiko hupasuka ukishachomwa, kwa nini kinyunga hakiumuki sawasawa wakati wa baridi, kwa nini miche iliyopandwa siku moja haizai sawa. Lakini hakuna hata mmoja kati yao awezaye kujenga maabara. Basi maswali hayo hubaki bila majibu, au hujibiwa kwa kubahatisha.

Njia mojawapo ya kuliondoa tatizo hili ni wenye shughuli ya aina moja kuungana katika chama na kuendesha utafiti kwa gharama ya wote na kwa faida ya wote. Njia hii ina historia ya zaidi ya miaka mia moja. Historia hiyo ina mafanikio makubwa, na pia ina onyo: kupata jibu katika maabara ni jambo moja, na jibu hilo kumfikia mdogo katika hali ambayo anaweza kulitumia ni jambo jingine kabisa.

KWA NINI MDOGO HAFANYI UTAFITI PEKE YAKE

Aghalabu hudhaniwa kwamba viwanda vidogo havifanyi utafiti kwa sababu wenyewe hawapendi mambo mapya. Dhana hiyo si sahihi. Sababu za kweli ni nne.

Kwanza, vyombo vya utafiti havigawanyiki. Kiwanda hakiwezi kununua nusu ya hadubini wala kuajiri robo ya mkemia. Chukulia, kwa ajili ya mfano tu, kwamba maabara ndogo huhitaji shilingi milioni 200 kwa mwaka, na kwamba kiwanda kidogo huuza bidhaa za shilingi milioni 50 kwa mwaka. Ni dhahiri kwamba kiwanda hicho hakiwezi kuwa na maabara hata kikitoa mapato yake yote. Lakini viwanda 400 vya namna hiyo vikichanga sawasawa, kila kimoja kitatoa shilingi laki 5, yaani asilimia moja tu ya mauzo yake.

Pili, utafiti ni jambo la kubahatisha. Katika majaribio kumi, huenda mawili tu yakaleta faida. Kampuni kubwa huweza kufanya majaribio yote kumi na kufidia hasara ya manane kwa faida ya mawili. Mdogo ana uwezo wa jaribio moja tu, na likishindikana, huenda akafunga kazi.

Tatu, elimu haifungiki ndani ya sanduku. Mwenye karakana akigundua kwa taabu namna bora ya kuchanganya udongo, jirani yake ataiona na kuiga bila kulipa kitu. Kwa hiyo kila mmoja huona ni heri kumngoja mwenzake aanze, na matokeo yake ni kwamba haanzi mtu.

Nne, swali lenyewe hapana budi liulizwe katika lugha ambayo mtaalamu anaweza kuifanyia kazi. Mwokaji husema, "Unga wa safari hii ni mbaya." Mtafiti huhitaji kujua kiasi cha protini, unyevu, na joto la maji yaliyotumiwa. Baina ya kauli hizo mbili kuna pengo, na pengo hilo halizibwi na fedha peke yake.

Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Chama cha wenye shughuli huziondoa sababu tatu za kwanza kwa kuunganisha vidole vingi. Sababu ya nne ni ngumu zaidi, na ndiyo inayopambanua chama kinachowafaa wadogo na kile kisichowafaa.

ASILI YA VYAMA VYA UTAFITI

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Uingereza iligundua kwa mshangao jinsi viwanda vyake vilivyotegemea sayansi ya adui. Rangi nyingi za nguo, pamoja na ile ya sare za askari, zilikuwa zikitoka Ujerumani. Kutoka huko huko zilitoka pia dawa nyingi, kioo cha lenzi za darubini, na magneto za kuwashia injini. Viwanda vya Uingereza vilikuwa vingi na vya zamani, lakini vingi kati yake vilikuwa vidogo, vya ukoo mmoja, visivyokuwa na mwanasayansi hata mmoja.

Mwaka 1916 serikali ya nchi hiyo iliunda idara maalumu ya utafiti wa sayansi na viwanda. Mwaka uliofuata ilitengewa pauni milioni moja kwa ajili ya kuvisaidia vyama vya utafiti. Masharti yalikuwa mepesi kueleweka: wenye shughuli moja waunde chama kisichogawana faida, wachange ada kila mwaka, na serikali itaongeza fedha kulingana na michango yao. Matokeo ya utafiti yangekuwa mali ya wanachama wote, mkubwa kwa mdogo.

Vyama vya kwanza vilianza mwaka 1918, na vingine vikafuata upesi: vya vyombo vya sayansi, sufu, pamba, viatu, madini yasiyo chuma, na chuma cha kusubu. Chama cha utafiti wa pamba kiliweka maabara yake katika jumba moja la Didsbury, karibu na Manchester, nayo ikaitwa Shirley Institute. Chama cha viatu kilichoundwa mwaka 1919 kiliweka makao yake Kettering, katika eneo lililojaa viwanda vya viatu. Mahali penyewe palikuwa na maana, kwani maabara iliyo karibu na karakana huulizwa maswali mengi kuliko iliyo mbali.

KAZI ZA CHAMA

Kazi za chama cha utafiti hugawanyika katika mafungu manne.

La kwanza ni utafiti wa msingi kuhusu malighafi na njia za kazi. Mambo kama nguvu ya uzi, tabia ya ngozi inapolowa, au namna chuma kinavyoganda katika kalibu huwahusu wanachama wote, na hayampi mmoja nafasi ya kumpiku mwenzake.

La pili ni upimaji na viwango. Mwanachama hupeleka sampuli ya malighafi au ya bidhaa, naye hupewa cheti cha vipimo. Kwa mdogo, kazi hii mara nyingi ni ya thamani kuliko utafiti wenyewe, maana humwezesha kubishana na muuzaji wa malighafi akiwa na ushahidi mkononi, na kumthibitishia mnunuzi asiyemjua kwamba bidhaa yake ni imara.

La tatu ni kujibu maswali. Mwanachama huandika barua kueleza kwamba nguo imetoka na michirizi, au soli zinabanduka. Ofisa wa chama huenda kiwandani, hutazama, huuliza, kisha hulipeleka tatizo maabara likiwa limekwisha kupata sura ya swali la kisayansi. Ofisa huyo ndiye mkalimani baina ya karakana na maabara, na ndiye anayeliziba pengo lililotajwa hapo juu.

La nne ni kukusanya elimu ya mahali pengine. Chama husoma majarida ya nchi nyingi, hufasiri, hufupisha, na kuwatumia wanachama yale yanayowahusu.

Mpaka wa kazi za chama hapana budi uwekwe wazi. Wanachama ni washindani sokoni, na hakuna atakayekubali kuchangia utafiti utakaoianika siri yake. Kwa hiyo desturi iliyokubaliwa ni kwamba chama hutafiti yale yaliyo kabla ya ushindani: kanuni, vipimo, na njia za jumla. Umbo la bidhaa, mtindo wake, na bei yake ni juu ya kila mmoja. Maabara ya pamba ikieleza kwa nini uzi hukatika, kila msokotaji huitumia elimu hiyo kwa kitambaa chake mwenyewe.

KUTOKA SUFU HADI DARASA LA BIOLOJIA

Yako mafanikio yaliyovuka mipaka ya shughuli yenyewe. Mfano ulio mashuhuri ni wa chama cha utafiti wa sufu, kilichokuwa na maabara mjini Leeds. Sufu ni protini, na protini hujengwa kwa asidi amino. Ili kufahamu kwa nini sufu husinyaa, hupokea rangi, au huharibiwa na dawa, ilibidi kwanza kujua ni asidi amino zipi zilizomo na kwa kiasi gani. Lakini asidi hizo hufanana sana, na njia za kuzitenganisha zilikuwa ndefu na zenye kupoteza mali nyingi.

Wanasayansi wawili, Archer Martin na Richard Synge, walilishughulikia tatizo hili huko Leeds. Walitumia ukweli kwamba vitu viwili vinavyofanana huweza kupendelea viyeyushi tofauti kwa kadiri ndogo tu. Waliloweka maji katika chembe za silika zilizojazwa ndani ya bomba la kioo, kisha wakapitisha kiyeyushi kingine juu yake. Kila asidi iligawanyika baina ya maji yaliyotulia na kiyeyushi kinachotiririka. Iliyopenda maji ilichelewa, na iliyopenda kiyeyushi ilitangulia. Tofauti ndogo iliyorudiwa mara nyingi ikawa umbali mkubwa. Walichapisha njia hiyo mwaka 1941, na mwaka 1944 Martin pamoja na wenzake Consden na Gordon walionyesha kwamba karatasi ya kuchujia huweza kushika nafasi ya bomba.

Hii ndiyo kromatografia ya karatasi. Mwaka 1952 Martin na Synge walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Frederick Sanger aliitumia njia hiyo katika kuupambanua mpangilio wa asidi amino katika insulini, na Melvin Calvin aliitumia katika kufuatia njia ya kaboni ndani ya majani ya kijani. Hivyo ada za wasokota sufu zilisaidia kuzaa chombo ambacho biolojia ya karne hiyo isingeenda mbali bila hicho.

Wanafunzi wanaweza kuiona kanuni hiyo darasani kwa vifaa vya bei ndogo. Doa la wino wa kalamu ya rangi isiyo ya kudumu huwekwa karibu na mwisho wa kipande cha karatasi ya kuchujia, kisha ncha ya karatasi hutumbukizwa katika maji kidogo, doa likiwa juu ya usawa wa maji. Maji yanapopanda, rangi zilizochanganywa katika wino huachana, kila moja ikisimama mahali pake.

Hata hivyo, msomaji makini atauliza: je, mwenye kinu kidogo cha sufu alipata nini? Tuzo haikumpunguzia gharama. Faida yake ilipitia mlango mwingine, yaani vipimo bora na majibu ya uhakika zaidi kwa barua zake. Chama kinachotazama sifa ya ugunduzi mkubwa peke yake huweza kumsahau anayelipa ada.

ONYO LA MKATE

Onyo lililo wazi zaidi linatoka katika shughuli ya mikate. Chama cha utafiti cha waokaji wa Uingereza kilikuwa na maabara Chorleywood, kaskazini-magharibi ya London. Wanachama wake walikuwa waokaji wakubwa na wadogo pia. Mwaka 1961 watafiti wake, wakiwamo Norman Chamberlain, Bill Collins na George Elton, walitangaza njia mpya ya kutengeneza mkate.

Katika njia ya kawaida, unga hukandwa kwa maji, chumvi na hamira, kisha kinyunga huachwa kwa muda wa saa tatu hivi. Katika muda huo gluteni, ambayo ni protini ya ngano, hulainika na kunyumbulika hadi iweze kuushika upepo unaotolewa na hamira. Watafiti wa Chorleywood walionyesha kwamba mabadiliko hayo huweza kuletwa na kukanda kwa nguvu nyingi katika muda mfupi, usiozidi dakika 5. Kipimo walichokipata ni kiasi cha wati-saa 11 kwa kila kilo ya kinyunga, sawa na kilojuli 40. Pamoja na ukandaji huo walitia vitamini C kidogo sana, mafuta magumu kidogo, na maji na hamira zaidi ya kawaida. Vitamini C, ambayo kwa kawaida huzuia uoksidishaji, hapa hugeuzwa na oksijeni ya hewa kuwa kioksidishaji, nayo husaidia kuviimarisha vifungo vya gluteni.

Faida zilionekana mara moja. Saa tatu zilifutika. Ngano ya Uingereza yenyewe, yenye protini chache, iliweza kuchukua sehemu ya ngano ghali iliyoagizwa kutoka ng'ambo. Mkate ulikuwa laini na ulikaa muda mrefu zaidi bila kukauka. Tena mashine ilikanda fungu baada ya fungu, kwa hiyo kwa kanuni yake ilimfaa hata mwokaji asiye na kiwanda kikubwa.

Lakini hesabu ndogo inaonyesha tatizo lilipojificha. Kukanda kilo 100 za kinyunga huhitaji kilojuli 4,000. Kazi hiyo ikifanywa kwa dakika 3, yaani sekunde 180, mota hapana budi itoe kilowati 22. Hata kilo 20 tu huhitaji zaidi ya kilowati 4. Tena nishati hiyo haipotei, bali hugeuka joto, na kinyunga hupanda kwa nyuzi 14 hivi za Selsiasi. Ili hamira isidhurike, maji hapana budi yapozwe kabla ya kukandia, na katika nchi za joto hitaji hilo ni kubwa zaidi. Hivyo mwenye kutaka kuifuata njia hii alihitaji mashine ya pekee, umeme wa kutosha, na chombo cha kupozea maji.

Kwa upande mwingine, zile saa tatu zilizookolewa hazikuwa na thamani sawa kwa kila mtu. Mwokaji mdogo anapoacha kinyunga kiumuke, huenda akawasha tanuri au akauza dukani. Kungoja hakumgharimu sana. Kiwanda kikubwa ambamo mikate hutiririka bila kukoma kililazimika kuwa na vyumba vikubwa vya kuwekea kinyunga kinachongoja. Kwa kiwanda hicho saa tatu zilikuwa mali. Haishangazi basi kwamba njia ya Chorleywood ilienea hasa katika viwanda vikubwa, hata ikafikia kutengeneza sehemu kubwa mno ya mikate yote ya Uingereza.

Haingekuwa haki kusema kwamba maabara ndiyo iliyowaondoa waokaji wadogo. Kununuliwa kwa matanuri yao na kampuni kubwa za kusaga unga kulikuwa kumeanza kabla ya mwaka 1961. Lakini ni kweli kwamba utafiti uliogharimiwa na wote uliwanufaisha wachache kuliko wengine, ijapokuwa mlango wa matokeo ulikuwa wazi kwa kila mwanachama. Somo lake ni kwamba usawa wa kupata ripoti si usawa wa kuitumia.

UDOEZI NA DAWA YAKE

Tatizo jingine ni la wale wanaongoja kula jasho la wenzao. Chama cha hiari kikigundua jambo, habari huenea hata kwa wasiolipa ada. Mtu mmoja akidoea, hakuna dhara. Wakidoea nusu ya wenye shughuli, chama hufa.

Dawa ya kwanza ni tozo ya lazima. Mwaka 1947 Uingereza ilipitisha sheria iliyoruhusu tozo kutolewa na kila mwenye kiwanda katika shughuli iliyokubali utaratibu huo, ili kugharimia utafiti miongoni mwa mambo mengine. Tozo inapofuata kiasi cha bidhaa, mkubwa hulipa zaidi na mdogo hulipa kidogo, na hakuna anayedoea.

Dawa ya pili ni fedha za umma kuungana na za wenye viwanda, kwa sharti kwamba matokeo yatangazwe kwa wote. Huko Ujerumani vyama vya utafiti vya shughuli mbalimbali viliunda shirikisho lao mwaka 1954, ambalo jina lake kwa ufupi ni AiF. Kwa miongo mingi fedha za wizara ya uchumi zilipitia katika shirikisho hilo kwenda kwenye utafiti wa pamoja wa viwanda. Jambo la kuigwa katika utaratibu huo ni kwamba kila utafiti uliwekewa kamati ya wenye viwanda, wakiwamo wadogo, walioufuatilia tangu mwanzo hadi mwisho. Mdogo hakungoja kupelekewa ripoti baada ya miaka mitatu. Alikuwapo swali lilipotungwa, na aliweza kusema mapema kwamba mashine inayofikiriwa haitaingia mlangoni mwake.

CHAI YA AFRIKA YA MASHARIKI

Katika Afrika ya Mashariki, utafiti wa pamoja umekuwa na nguvu hasa katika mazao ya biashara. Huko Kericho, Kenya, kulianzishwa mwaka 1951 Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Afrika ya Mashariki, iliyohudumia Kenya, Uganda na Tanganyika. Gharama zake zilibebwa na wakulima wenyewe kwa tozo iliyohesabiwa kwa kilo ya chai. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kazi hiyo nchini Kenya iliendelezwa na taasisi ya utafiti wa chai iliyoundwa mwaka 1980. Baada ya sheria ya mwaka 2013, iliingizwa chini ya shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo.

Mwanzoni wenye chai walikuwa ni mashamba makubwa. Wakulima wadogo wa Kenya waliongezeka hasa baada ya mamlaka yao ya chai, KTDA, kuundwa mwaka 1964. Hapo swali la zamani likazuka tena: je, maabara iliyokuzwa na wakubwa itawafaa wadogo?

Jibu lilitegemea biolojia ya mchai. Maua ya mchai huchavushwa na mbelewele za mti mwingine, kwa hiyo miche ya mbegu hutofautiana kama ndugu wa baba na mama mmoja. Mmoja huzaa sana, mwingine kidogo. Watafiti walichagua michai bora na kuizidisha kwa vipandikizi. Kipandikizi ni kipande kifupi cha kitawi chenye jani moja na jicho moja, kinachokatwa kwa kisu kikali, kikachomekwa katika mfuko wa plastiki wenye udongo, na kufunikwa ili unyevu usitoroke. Mche unaotokea hufanana na mama yake kwa kila hali. Mojawapo ya chai teule zilizopatikana kwa njia hiyo, ijulikanayo kwa namba 6/8, ilienea sana mashambani kwa sababu ya ubora wa majani yake.

Linganisha njia hii na ile ya Chorleywood. Uchaguzi wa mchai bora ulihitaji miaka mingi, mashamba ya majaribio na wataalamu, yaani mambo ambayo mwenye nusu ekari asingeyaweza kamwe. Lakini matokeo yalikuja katika umbo la kitawi, kisu na mfuko. Ugumu wote ulibaki upande wa maabara, na wepesi ukaenda kwa mkulima. Tena njia ya kumfikia ilikuwa imekwisha kutengenezwa, kwani mabwana shamba na bustani za miche walikuwapo karibu na vituo alikopeleka majani yake.

Nchini Tanzania, utaratibu wa namna hiyo uliwekwa katika kahawa. Mwaka 2001 taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, ilianza kazi Lyamungu, Kilimanjaro, mahali palipokuwa na kituo cha utafiti tangu miaka ya 1930. Wenye zao hilo walishirikishwa katika kuiongoza na kuichangia. Mojawapo ya kazi zake kubwa ilikuwa kusambaza aina za kahawa zinazostahimili ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani, ili mkulima apunguze gharama ya dawa za kunyunyizia.

MAFUNDI WA JUA KALI

Katika karakana za mijini hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa hakuna mnada wala kiwanda kimoja ambapo tozo huweza kukatwa. Mfano wa jiko la makaa lenye kikombe cha udongo waonyesha uwezo na mipaka yake. Mapema katika miaka ya 1980, wazo la jiko la udongo la Thailand lilichukuliwa na kugeuzwa nchini Kenya kwa ushirikiano wa watafiti, mashirika ya nishati yaliyoungana chini ya KENGO, na mafundi wa jua kali wa Nairobi. Jiko lililotokea lina kiuno chembamba, na kikombe cha udongo hukaa katika nusu ya juu tu. Udongo hulizuia joto lisipotee kupitia bati, na makaa yanayotumika hupungua sana.

Jiko hilo lilienea kwa sababu fundi aliweza kulitengeneza kwa zana alizokuwa nazo. Lakini kwa kuwa lilikuwa rahisi kuiga, vilitokea pia vikombe vilivyochomwa vibaya, vinavyopasuka upesi. Mnunuzi hawezi kukitambua kikombe kibovu kwa macho. Akidanganyika mara moja, huacha kuliamini jiko lolote, na fundi mwaminifu huumia pamoja na mdanganyifu. Hapa chama cha mafundi kina kazi ambayo haihitaji maabara ya fahari: kukubaliana juu ya udongo, joto la kuchomea na kipimo cha majaribio, kuchukua sampuli kwa wanachama, na kuweka alama juu ya bidhaa iliyofaulu. Upimaji wenyewe huweza kufanywa na chuo cha ufundi, au na mashirika ya umma yaliyowekwa kwa ajili hiyo, kama SIDO iliyoundwa Tanzania mwaka 1973.

MASHARTI YA KUFANIKIWA

Mifano hii ya sufu, mikate, chai na majiko, ingawa ni ya nchi na nyakati mbalimbali, inakubaliana juu ya masharti machache. Gharama hapana budi zifuate kiasi cha uzalishaji, ili mdogo asielemewe na mkubwa asidoee. Mpaka baina ya elimu ya wote na siri ya mmoja hapana budi ujulikane tangu mwanzo. Wadogo wawe na kiti mahali ambapo maswali hutungwa, wala wasiitwe siku ya kusomewa ripoti tu. Wawepo maofisa wanaoweza kusema lugha ya karakana na lugha ya maabara. Na zaidi ya yote, kila utafiti uulizwe mapema: matokeo yatamfikia mwanachama kwa umbo gani? Kama ni mashine ya kilowati 22, chama kitafute pia njia ya wadogo kuitumia kwa pamoja. Kama ni kitawi na kisu, njia imekwisha kufunguka.

Vijana walio shuleni leo ndio watakaokuwa wakemia, wahandisi na maofisa ugani wa vyama vya namna hii. Wengi wao wana jamaa au jirani mwenye karakana, tanuri au shamba. Kazi yao ya kwanza huweza kuanza sasa, nayo ni kwenda kwa mmoja wa hao, kusikiliza tatizo moja linalomsumbua, na kuliandika upya kama swali linaloweza kupimwa: kwa joto gani, kwa uzito gani, kwa muda gani. Swali lililotungwa vizuri ni nusu ya utafiti, na halihitaji maabara.